Maji Yanayochemka kwa Nyuzi 94: Mwongozo wa Kufundisha Kemia Vyuoni Kando ya Mlima Kenya

Weka bika la maji safi juu ya moto katika maabara yoyote mjini Nyeri, tumbukiza kipimajoto, usubiri maji yachemke sawasawa. Kipimo kitapanda hadi karibu nyuzi 94 za Selsiasi na kusimama hapo. Ongeza moto upendavyo. Maji yatafoka zaidi, lakini kipimo hakitasonga. Sasa pita kati ya meza ukisoma madaftari ya wanafunzi. Usishangae ukikuta mmoja baada ya mwingine ameandika 100.

Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Hapo shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni kama 101. Hewa inayokandamiza maji ni kidogo, kwa hiyo mvuke hauhitaji joto jingi kujitoa. Kipimajoto kilikuwa sahihi. Aliyeandika 100 aliamini kitabu kuliko macho yake, na huo ni mwenendo aliojifunza kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni wa mkufunzi anayetaka kuugeuza mwenendo huo. Unamhusu anayefundisha kemia ya mwaka wa kwanza na wa pili katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka au Meru; anayefundisha stashahada katika Nyeri National Polytechnic; na anayewaandaa walimu wa sekondari katika Chuo cha Ualimu cha Kagumo. Unamhusu pia fundi wa maabara, maana bila yeye hakuna hatua hata moja hapa itakayofanyika.

KWANZA: KWA NINI WANAFUNZI HUKWAMA

Kabla ya kubadili unavyofundisha, fahamu mambo manne.

*Njia waliyopitia.* Katika mtihani wa KCSE, kemia ina karatasi tatu, na ile ya majaribio hubeba alama 40 kati ya 200. Penye uhaba wa vifaa, majaribio husukumwa hadi miezi ya mwisho na hufanywa kwa ajili ya karatasi hiyo tu. Mwanafunzi hufika chuoni akiwa amekariri rangi za mashapo na hatua za kutitresha, huku hajawahi kupanga jaribio lake mwenyewe wala kuulizwa kwa nini kipimo chake kimetofautiana na cha jirani.

*Kemia ina ngazi tatu.* Mwaka 1991 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alieleza kwamba mkemia hufikiri kwa wakati mmoja katika ngazi tatu: kile kinachoonekana, chembe zisizoonekana, na alama za kuandikia kama H₂O. Mkufunzi mzoefu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujua kwamba ameruka. Mgeni wa somo hawezi kuzibeba zote tatu kwa mpigo, hivyo hukamata alama na kuziachilia nyingine mbili.

*Mhadhara mtupu huangusha watu.* Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya kusikiliza tu, wanafunzi waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Madarasa yaliyowapa wanafunzi kazi ya kufanya na kujadili yalikuwa na asilimia 21.8. Kwa ukumbi wa watu 300, pengo hilo ni kama watu 36.

*Unayemfundisha atafundisha.* Wahitimu wa Kagumo, na wale wa shahada za ualimu wa sayansi wa Karatina na Chuka, wanarudi katika shule za sekondari. Wataiga walivyofundishwa kabla ya kukumbuka walichoambiwa. Aliyepita chuoni akinakili ubao atawanakilisha wengine.

HATUA YA 1: PIMA WALICHOKUJA NACHO

Usianze muhula kwa sura ya kwanza. Anza kwa maswali matano ya dakika 15, yasiyo na alama wala majina. Lengo ni kujua mawazo gani yamekwishaota mizizi, kwa sababu wazo potofu haling'oki kwa kumwagiwa wazo sahihi juu yake. Sharti litajwe, lijaribiwe na lishindwe mbele ya mwenyewe.

> KISANDUKU: Maswali matano ya siku ya kwanza
>
> 1. Maji yanapochemka, ndani ya mapovu makubwa mna nini? *Jibu: mvuke wa maji. Kosa la kawaida: hewa, au haidrojeni na oksijeni.*
> 2. Kuna asidi ya ethanoiki ya moli 1 kwa lita na asidi ya haidrokloriki ya moli 0.01 kwa lita. Asidi dhaifu ni ipi, na iliyozimuliwa sana ni ipi? *Jibu: dhaifu ni ya ethanoiki, iliyozimuliwa ni ya haidrokloriki. Kosa la kawaida: kudhani dhaifu na iliyozimuliwa ni kitu kimoja.*
> 3. Kuvunja bondi kati ya atomi kunatoa nishati au kunahitaji nishati? *Jibu: kunahitaji. Kosa la kawaida: kudhani nishati imefungiwa ndani ya bondi, ikingoja kufunguliwa.*
> 4. Mmenyuko ukifikia msawazo, je, umesimama? *Jibu: hapana, unaendelea pande zote mbili kwa kasi sawa.*
> 5. Msumari ukishika kutu wote, na kutu isidondoke, uzito wake unaongezeka au unapungua? *Jibu: unaongezeka, kwa sababu oksijeni na maji vimejiunga na chuma.*

Hesabu majibu jioni hiyohiyo. Swali lililokoswa na zaidi ya nusu ya darasa litengewe nafasi katika wiki ambayo mada yake itafundishwa.

HATUA YA 2: PANGA MHADHARA WA SAA MBILI

Kumbi kubwa hazitapungua leo wala kesho. Utaratibu ufuatao unafanya kazi kwa watu 40 na kwa watu 400, na hauhitaji umeme.

1. Anza na jambo linaloonekana (dakika 10). Kwa mada ya shinikizo la mvuke, uliza kwa nini githeri huchukua muda mrefu zaidi kuiva Nyahururu kuliko Mombasa, na sufuria ya mvuke yenye kifuniko cha kufunga inabadilisha nini. Kila mmoja katika ukumbi huo ana sufuria anayoikumbuka.
2. Eleza kwa dakika 15, kisha ukome. Wazo moja tu kwa kila kipande.
3. Uliza swali lenye majibu manne. Dakika mbili za kimya, kila mtu akiamua peke yake. Kisha wote waonyeshe jibu kwa vidole, mkono ukiwa kifuani ili jirani asione.
4. Amua kwa kuhesabu. Chini ya theluthi wakipata, rudi ueleze kwa njia nyingine. Kati ya theluthi moja na mbili, waambie wageukiane, kila mmoja amshawishi mwenzake, kisha upige kura tena. Zaidi ya hapo, fafanua kwa ufupi uendelee. Eric Mazur alianza kutumia utaratibu wa aina hii katika somo la fizikia huko Harvard mwaka 1991, na walimu wa kemia wameuchukua kote duniani.
5. Chora chembe. Wanafunzi wachore kwenye daftari molekuli zikiwa majini, kwenye povu na juu ya maji. Pita uone michoro mitano au sita.
6. Hapo ndipo uandike alama na mlingano. Ngazi ya alama ije mwisho, baada ya zile mbili.
7. Rudia mzunguko mara mbili au tatu, ukiacha dakika tano za mwisho kwa kikaratasi: nimeelewa nini, nimebaki na swali gani.

Majadiliano ya jirani kwa jirani yafanyike kwa lugha yoyote inayowatoka wanafunzi kwa urahisi, iwe Kiswahili, Kikuyu, Kimeru au Kiembu. Jibu la kuandikwa ndilo liwe katika lugha ya mtihani. Mwanafunzi anayepigana na sarufi ya Kiingereza na msawazo wa kemikali kwa pamoja kwa kawaida huishia kunyamaza, na ukimya huo wakufunzi wengi huudhania kuwa kuelewa.

Onyo. Usitangaze kura za mwanzo kabla ya majadiliano. Wakijua wengi wamechagua B, watahamia B bila kusadiki.

HATUA YA 3: IOKOE MAABARA

Chukua mfano wa darasa la wanafunzi 90 na maabara yenye nafasi 30. Kuwaingiza wote kwa pamoja maana yake ni watu sita kwenye bureti moja: mmoja anafanya, mmoja anaandika, wanne wanatazama. Gawa hivi:

1. Unda makundi matatu ya watu 30: A, B na C.
2. Wiki ya kwanza, A wako maabarani, B wako darasani wakipanga jaribio watakalofanya wiki ijayo, na C wanafanya hesabu kwa vipimo halisi vya darasa la mwaka uliopita.
3. Wiki ya pili na ya tatu, zungusha.
4. Kila aliye maabarani afanye kwa mikono yake, au wawili kwa kifaa, wakibadilishana katikati ya kazi.
5. Asiyeleta mpango wa jaribio kwenye ukurasa mmoja asiingie siku hiyo. Akae kando auandike kwanza.

Kemikali zikiwa chache, punguza ujazo. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilitengeneza vifaa vidogo vya kemia ambavyo UNESCO ilisaidia kuvisambaza katika nchi nyingi. Unaweza kufuata wazo hilo kwa sirinji za duka la dawa. Mwanafunzi anayetitresha mara tatu kwa pipeti ya sentimita za ujazo 25 hutumia 75 za alkali. Darasa la watu 90 litamaliza lita 6.75. Kwa sirinji ya sentimita za ujazo 2, kila mmoja anatumia 6, na darasa zima linatumia lita 0.54.

Vipimo vya sirinji havina usahihi wa bureti. Kwa hiyo kila mwanafunzi afanye angalau titresheni moja kamili kwa vioo vyenyewe, ndipo majaribio mengine ya mada hiyo yafanywe kwa ujazo mdogo.

> KISANDUKU: Namba za milimani (makadirio kwa hewa ya kawaida, ujazo ni wa moli moja ya gesi kavu kwa nyuzi 20)
>
> - Mombasa, usawa wa bahari: kilopaskali 101, maji huchemka nyuzi 100, lita 24
> - Embu, kama mita 1,350: kilopaskali 86, nyuzi 95.5, lita 28.3
> - Nyeri, kama mita 1,750: kilopaskali 82; nyuzi 94; lita 29.7
> - Nanyuki, kama mita 1,950: kilopaskali 80, nyuzi 93.5, lita 30.5
> - Nyahururu, kama mita 2,360: kilopaskali 76, nyuzi 92, lita 32

Tazama safu ya mwisho. Vitabu vingi humpa mwanafunzi lita 24 kwa moli moja ya gesi katika joto la chumba. Namba hiyo ni ya pwani. Anayeitumia Nyeri atakosea kwa zaidi ya asilimia 20 hata kama mkono wake hautetemeki. Geuza tatizo hilo liwe jaribio bora la muhula.

Jaribio: uzito wa moli ya magnesiamu

1. Pima uzito wa utepe wa magnesiamu wenye urefu wa mita 1, kisha ukokotoe urefu unaotoa gramu 0.030. Njia hii hukuokoa pale mizani haiwezi kupima kipande kidogo.
2. Sugua utepe kwa msasa hadi ung'ae. Safu ya oksaidi ikibaki, gesi itapungua.
3. Mimina asidi ya haidrokloriki ya kutosha kwenye bureti ya sentimita za ujazo 50, ijaze maji taratibu hadi juu, ning'iniza utepe mdomoni kwa uzi wa shaba, ziba kwa kidole chenye glavu, na uipindue ndani ya bika la maji.
4. Subiri mapovu yakome. Sawazisha kimo cha maji ndani na nje ya bureti kabla ya kusoma, kwa kutumia mtungi mrefu.
5. Kumbuka kwamba sehemu ya chini ya bureti haina alama. Pima ujazo wake mapema na uujumlishe.
6. Andika joto la maji na shinikizo la hewa la mahali hapo.

Kwa nyuzi 20, Nyeri itatoa takriban sentimita za ujazo 38 za gesi, ikiwemo mvuke wa maji. Kitabu cha lita 24 kinatabiri kama 30. Mwanafunzi akipiga hesabu kwa lita 24, atapata uzito wa moli ya magnesiamu kuwa gramu 19 badala ya 24.3. Mwache aipate. Mwache ababaike kwa dakika kumi. Kisha muulize: "Ungekuwa Mombasa ungesoma ngapi?" Akitoa kilopaskali 2.3 za mvuke wa maji na kutumia shinikizo halisi la Nyeri, ile 24 itajitokeza, na sheria ya gesi itakuwa imemsaidia kutatua jambo lake mwenyewe.

Onyo kuhusu shinikizo. Namba inayotolewa na programu za hali ya hewa kwenye simu kwa kawaida imekwisha kurekebishwa hadi usawa wa bahari. Itakuonyesha kama kilopaskali 101 ukiwa Nyeri. Tumia baromita ya maabara, au simu yenye kihisi chake cha shinikizo, au pima kiwango cha kuchemka cha maji na usome shinikizo kwenye jedwali.

HATUA YA 4: LIPA UKWELI WA VIPIMO

Wanafunzi hupika vipimo kwa sababu kuna anayevinunua. Alama zikitolewa kwa ukaribu wa jibu na kitabu, mwenye akili ataanzia kwenye jibu na kurudi nyuma hadi kwenye kipimo. Badili bei. Kwa ripoti ya alama 20:

- Alama 8: vipimo ghafi vilivyoandikwa kwa wino, vikiwa na vizio, bila kufutwa, kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka.
- Alama 6: maelezo ya kwa nini kipimo kimetofautiana na kilichotarajiwa.
- Alama 4: hesabu.
- Alama 2: ukaribu wa jibu.

Msimamizi atie sahihi ukurasa wa vipimo kabla mwanafunzi hajatoka. Sahihi hiyo inasaidia pia katika zama hizi ambapo programu za akili unde zinaweza kuandika ripoti nzima kwa sekunde chache. Programu haikuwa maabarani. Haijui kwamba bureti namba 7 ilivuja. Omba ripoti itaje angalau jambo moja lililotokea siku hiyo na linaloonekana kwenye ukurasa uliotiwa sahihi.

Wewe nawe uwe mkweli. Jaribio la kuonyesha likikwama mbele ya darasa, usiseme "lingetoa rangi ya buluu." Waulize kwa nini halikutoa.

HATUA YA 5: USALAMA, PAMOJA NA HATARI ZA NYANDA ZA JUU

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakidai chuo mazingira salama ya kazi. Kwenye meza, sheria hiyo inakuwa mambo haya:

- Usinyonye pipeti kwa mdomo, na usikubali yeyote anyonye. Wanafunzi bado hutoka na desturi hii shuleni. Bomba la mpira likikosekana, unganisha sirinji na kipande cha mpira laini.
- Asidi iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Asidi kali ya salfuriki hutoa joto jingi. Maji machache yakidondoka juu yake huchemka na kurusha asidi usoni.
- Jihadhari na etha. Usawa wa bahari etha ya daiethaili huchemka karibu nyuzi 35. Huko Nyeri huchemka karibu nyuzi 28, joto ambalo meza iliyo kando ya dirisha lenye jua inaweza kulifikia. Iweke mahali baridi penye hewa, mbali na moto wowote, wala usiifiche kwenye friji ya nyumbani: cheche ya swichi ndani yake inaweza kulipua mvuke.
- Ethanoli nayo hushuka hadi karibu nyuzi 73. Katika kunereka, usimngoje mwanafunzi afikie 78 ya kitabu. Atakuwa amekwisha kuipoteza.
- Tofautisha maji ya betri na asidi ya betri. Penye upungufu wa maji yaliyonerekwa, watu hununua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Soma lebo, kisha jaribu kwa karatasi ya litimasi na tone la fedha naitreti. Karatasi ikigeuka nyekundu au maji yakitoa utando mweupe, usiyatumie.
- Miwani ya usalama kwa kila jicho, likiwemo la mkufunzi.

Taka za kemikali zina kanuni zake za mwaka 2006 zinazosimamiwa na NEMA. Asidi na alkali zilizozimuliwa zisawazishwe kwanza. Chumvi za metali nzito na vimiminiko vyenye klorini vikusanywe kwenye chupa zenye lebo na tarehe, visimwagwe kwenye sinki. Maji ya Chania na ya Sagana yote huingia Tana, na watu wanayanywa hadi pwani.

HATUA YA 6: LETA SHAMBA MAABARANI

Kuna sababu mbili za kutumia vitu vya hapa: ni rahisi kupatikana, na mwanafunzi ana ujuzi navyo ambao kitabu hakina.

*Chai.* Majani yanayopokewa katika viwanda vya Chinga, Iria-ini au Ragati hubadilika kutoka kijani hadi shaba kwa oksidisho linalosukumwa na kimeng'enya. Katekini hugeuka theaflavini na thearubijini. Darasani, tone la kloraidi ya chuma III kwenye chai isiyo na maziwa huleta rangi nyeusi ya polifenoli zilizoshikana na chuma. Kutoka hapo mada ya ioni changamano inaingia yenyewe, pamoja na swali la kwa nini chai iliyonywewa pamoja na chakula hupunguza chuma anachopata mwili.

*Maziwa.* Ukanda huu una viwanda vya maziwa, kikiwemo cha Wakulima cha Mukurweini. Sentimita za ujazo 10 za maziwa mabichi yaliyo mazuri huhitaji chini ya sentimita za ujazo 2 za sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita kufikia waridi la fenolfthalini. Yaache mezani hadi kesho, upime tena. Mwanafunzi atachora mwendo wa mmenyuko kwa siku tatu bila kununua chochote.

*Maji.* Linganisha ugumu wa maji ya mto Chania na ya kisima cha Kieni kwa titresheni ya EDTA. Wanafunzi waje na sampuli kutoka kwao, zikiwa na mahali, tarehe na saa.

*Soko.* Kabichi la zambarau kutoka soko la Karatina, likichemshwa, hutoa kiashiria kinachopita kutoka nyekundu hadi kijani na manjano.

Ukitaka mfano wa mtu, Nyeri inaye. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alihitimu shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964 akiwa na biolojia kama somo kuu, na kemia ikiwa miongoni mwa masomo yake ya ziada.

HATUA YA 7: TUNGA MTIHANI UNAOULIZA KUELEWA

Mwaka 1987 Susan Nurrenbern na Miles Pickering walionyesha kwamba wanafunzi wengi waliokokotoa vizuri maswali ya gesi walishindwa na swali la mchoro wa chembe kuhusu gesi hizohizo. Mtihani wa hesabu tupu huficha kutoelewa. Kwa kila maswali matatu ya hesabu, weka moja la kuchora au kueleza. Mfano: *Chora molekuli za maji ndani ya povu moja, Nyeri na Mombasa, kila moja likiwa kwenye kiwango chake cha kuchemka. Molekuli zimesongamana zaidi wapi, na kwa nini?*

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wanatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Wamezoea miradi na tathmini endelevu. Mkufunzi aliye na benki ya maswali ya aina hii atakuwa tayari kuwapokea.

MAKOSA YA KAWAIDA NA DAWA YAKE

- Kuacha majaribio hadi mwisho wa muhula. Migomo ya wahadhiri ya 2024 na 2025 iliwaonyesha wote jinsi ratiba inavyoweza kukatika. Majaribio matatu ya lazima yafanyike ndani ya wiki sita za kwanza.
- Kuuliza "Mmeelewa?" Darasa litaitikia "Ndiyo, mwalimu." Uliza swali linalohitaji jibu.
- Kufundisha kutoka slaidi 80. Chagua mawazo matatu, mengine wayasome.
- Kumwita fundi wa maabara siku ya jaribio. Mpe orodha wiki mbili kabla, na mfanye jaribio pamoja mara moja kabla ya darasa.
- Kutumia uigaji wa kompyuta badala ya meza. Programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado ni za bure na huonyesha chembe vizuri. Zitumie kabla au baada ya jaribio halisi, zisichukue nafasi yake.
- Kufanya yote peke yako. Mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, na ambao kazi yake inaendelezwa na CEMASTEA jijini Nairobi, uliwazoeza walimu wa sekondari kupanga, kutenda, kuona na kuboresha. Mwalike mwenzako akae nyuma ya darasa lako mara moja kwa muhula, na wewe ukae kwake.

ORODHA YA KUKAGUA

*Wiki mbili kabla ya muhula*
☐ Nimehesabu vifaa vizima na kemikali ambazo hazijaharibika
☐ Nimepima shinikizo la hewa la maabara yetu na kulibandika ukutani
☐ Nimegawa makundi na kuandika ratiba ya mzunguko

*Wiki ya kwanza*
☐ Maswali matano yamefanywa na kuhesabiwa
☐ Kila mwanafunzi amepima mwenyewe kiwango cha kuchemka cha maji
☐ Mgawanyo wa alama za ripoti umesomwa mbele ya wote

*Kila wiki*
☐ Angalau maswali mawili ya vidole katika kila mhadhara
☐ Kurasa za vipimo zimetiwa sahihi
☐ Vikaratasi vimesomwa, na swali moja limejibiwa mwanzoni mwa kipindi kilichofuata
☐ Chupa za taka zina lebo

*Wiki ya mwisho*
☐ Maswali matano yamerudiwa na kulinganishwa na ya mwanzo
☐ Vipimo vya darasa vimehifadhiwa, majina yakiwa yameondolewa, kwa kundi C la mwaka ujao
☐ Orodha ya kilichovunjika na kilichoisha imefika kwa mkuu wa idara kabla ya bajeti kufungwa